Donda Ndugu Halina Tabibu Mmoja

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani mjini Tanga, mtu wa kanzu na kofia, aliyeketi katika baraza moja kwa zaidi ya miaka thelathini, mguu wake wa kushoto ukikanyaga kibao cha cherehani tangu jua kuchomoza hata adhana ya magharibi, na redio pembeni yake ambayo nadhani hakuwahi kuizima. Sukari ilimwingia alipokuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Akanywa vidonge, akaacha chai tamu, akaendelea na kazi yake, wala hakutambua kwamba nyayo zake zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo, kwa kuwa ganzi haiji kwa kishindo. Huja kama usingizi, na aliyelala hajui ni dakika gani alisinzia. Siku moja mkaza mjomba, alipokuwa akifagia baraza, akaona damu iliyokauka juu ya kibao. Mzee akavuliwa kandambili, unyayo ukageuzwa juu, na karibu na shina la kidole gumba ikaonekana sindano ya cherehani iliyozama nyamani, imebakia nje kiasi cha kushikwa kwa kucha tu. Mjomba akacheka. Kwa kukisia weusi wa ile damu, alikuwa ameikanyaga siku mbili au tatu kabla ya hapo, na katika siku hizo alikuwa amekwenda msikitini na kurudi kwa vipindi vyote vitano bila ya kuchechemea hata hatua moja.

Kicheko kile hakinitoki masikioni. Maumivu ni bawabu wa mwili, na mtu aliyenyang'anywa bawabu wake hucheka huku mwizi yumo ndani.

Tulimpeleka katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, madhali watu wake walifanya, kila mmoja wao, kazi aliyofundishwa, wakaifanya kwa bidii, na hiyo hasa ndiyo shutuma yangu. Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya kisukari: tabibu akasoma hesabu za damu, akaongeza kidonge, akamwuliza mgonjwa habari za wali na ugali, wala hakumwambia afungue bendeji. Alhamisi ilikuwa siku ya wapasuaji: mpasuaji akakitazama kidonda, akaandika kuwa kifungwe kila siku na mgonjwa arudi baada ya majuma mawili, wala hakuuliza sukari imefika wapi, wala hakuweka kidole juu ya mguu kusikiliza kama damu inafika. Baina ya siku hizo mbili kilikuwapo chumba cha kufungia vidonda, mwisho wa ujia, ambamo muuguzi mmoja wa makamo alikiosha na kukifunga kidonda kile kila asubuhi, akikijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Nilimwuliza baadaye, mambo yalipokwisha haribika, naye akaniambia kwamba harufu ilibadilika siku ya nne, na siku ya tano aliona wekundu umepanda hata kifundo cha mguu. Nikamwuliza alimwarifu nani. Akanijibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha zoea, kuwa daftari la chumba chake lina safu ya jina, safu ya tarehe, na safu ya kutia sahihi kwamba kidonda kimefungwa. Safu ya harufu haimo.

Juma la tatu mguu ukakatwa juu ya goti.

Mjomba, ambaye maisha yake yote aliyapima kwa futi ya kitambaa, alilieleza jambo hili vizuri kuliko niwezavyo mimi. "Mwanangu," aliniambia akiwa kitandani, "mmoja kakata, wa pili kashona, wa tatu katia vifungo, na hapana aliyemwuliza mwenziwe kipimo. Kanzu gani itakaa?"

Wazee wetu waliuita ugonjwa huu donda ndugu, nalo ni jina linalosadifu, kwa maana donda hilo halikai peke yake hata siku moja. Mguu unaooza hauna maradhi mamoja. Aghalabu mambo matatu hushirikiana juu yake, na la kwanza ni hilo la ganzi: sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huiua mishipa ya fahamu, ngozi ikakauka na kisigino kikapasuka nyufa, misuli midogo ya wayo ikadhoofu, vidole vikajikunja kama kucha za mwewe, uzito wa mwili ukaangukia mahali ambapo haukuumbiwa kukaa, pakafanya sugu, na chini ya ile sugu, bila ya mwenyewe kusikia lolote, nyama ikapondeka kama iliyotiwa ndani ya kinu. La pili ni kuziba kwa mishipa ya damu, hasa ile iliyo chini ya goti, na zaidi kwa mvuta tumbaku. La tatu ni vijidudu, ambavyo huingia kwa mlango wowote uliofunguliwa, na katika nyama isiyopata damu hujenga mji.

Sasa na atazame msomaji elimu ya mambo hayo imewekwa wapi. Ya sukari anayo tabibu wa magonjwa ya ndani, ya mishipa iliyoziba anayo mpasuaji wa mishipa, ya mfupa uliopenywa na usaha anayo mpasuaji wa mifupa, ya dawa ipi itaua kijidudu kipi iko maabara, ya namna ya kulifunika tundu kwa ngozi nyingine iko kwa mpasuaji wa kurekebisha maumbile, na ya kidonda chenyewe, yaani harufu yake, rangi yake na unyevu wake wa leo kulinganishwa na wa jana, iko kwa yule muuguzi wa mwisho wa ujia. Tena iko elimu moja ambayo huonekana duni na kumbe ndiyo inayookoa miguu mingi: elimu ya uzito. Kidonda kilicho chini ya unyayo hakiponi maadamu kinakanyagwa. Dawa ya thamani kuliko zote iliyotiwa juu ya kidonda kinachotembelewa ni maji yaliyotiwa katika pakacha. Ndiyo maana mabingwa hulifunga guu lote chini ya goti kwa plasta ngumu, lile ambalo watu wetu huliita hogo, ili uzito utawanyike na mahali palipoumia papumzike. Na anayejua kulifunga hogo hilo pasipo kuchubua mahali pengine si lazima awe daktari.

Mambo haya si mapya. Insulini ilipopatikana miaka ya 1921 na 1922, watu wa kisukari waliokuwa wakifa upesi wakaanza kuishi, na kwa kuishi kwao miguu yao ikapata nafasi ya kuoza. Daktari Elliott Joslin wa Boston aliliona hilo mapema, na mwaka 1934 akaandika makala kuonya kwamba kuoza huko si kudura isiyozuilika bali ni jambo ambalo mafunzo na usafi wa miguu vyaweza kulikinga, akawafundisha wauguzi na wagonjwa wenyewe kazi ambayo madaktari wengi wa zama zake waliidharau. Mwaka 1981, katika hospitali ya King's College ya London, daktari Michael Edmonds alifungua kliniki ya miguu ambamo tabibu, muuguzi, mtaalamu wa nyayo, mtengeneza viatu na mpasuaji walikutana mbele ya mgonjwa mmoja katika chumba kimoja, na baada ya miaka michache hesabu ya miguu mikubwa iliyokatwa ikawa imeshuka karibu nusu. Hapakuzuliwa dawa mpya kwa ajili hiyo. Kilichozuliwa ni mkutano.

Lakini mfano uliozama zaidi moyoni mwangu ni wa Paul Brand, mpasuaji aliyefika Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akawakuta wagonjwa wa ukoma ambao watu wote, na madaktari wakiwamo, waliamini kwamba vidole vyao huliwa na ukoma wenyewe. Brand akachunguza, akaona kwamba vidole havikuliwa na ukoma. Vililiwa na kazi, na moto, na misumari ya viatu, na usiku vikaliwa na panya, kwa sababu mwenye mkono hakuwa na habari nao. Wagonjwa wakapewa paka wa kulala nao. Asiyeamini kisa hicho na asome walichoandika Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenziwe mwaka 2005, juu ya wagonjwa wa kisukari wa jiji hilo hilo letu walioamka asubuhi wakakuta nyayo zao zimetafunwa na panya. Wahenga walisema panya huuma na kupuliza. Kwa mwenye ganzi panya hana haja hata ya kupuliza.

Abbas huyo huyo, pamoja na Karel Bakker wa Uholanzi na Sharad Pendsey wa India, ndiye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa mradi uliokuja Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina ambalo kwa lugha yetu ni Hatua kwa Hatua, na ndani ya mradi ule mna jambo moja ambalo mimi nalihesabu kuwa bora kuliko darasa lolote la mguu nililopata kulisikia. Mwaliko hakupewa daktari peke yake, wala muuguzi peke yake. Walialikwa wawili wawili, daktari na muuguzi wa kituo kimoja, wakaketi pamoja, wakashika visu na shashi pamoja, wakarudi kazini kwa muda wa mwaka hivi, kisha wakarejea tena, wale wale wawili, kwa hatua ya pili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa hali za wagonjwa zilikuwa bora. Nami siyastaajabii, kwa sababu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yoyote ya nchi hii anajua yanayompata mtu aliyekwenda masomoni peke yake. Daktari akirudi peke yake, ilmu huhama pamoja naye siku atakapohamishwa wilaya. Muuguzi akirudi peke yake, huwa na maarifa yasiyo na amri, akayanyamazia. Wakirudi wawili, mmoja humkumbusha mwenziwe, na, lililo kubwa zaidi, mmoja hawezi kujifanya hakusikia.

Walakini mradi ni mradi: huja na fedha zake na huondoka nazo, nao huwafikia watu waliokwisha kuajiriwa, waliokwisha kukomaa katika desturi zao. Ninachokitaka mimi ni kwamba jambo hili liingie shuleni, tangu mwaka wa kwanza wa kuvaa koti jeupe. Mwanafunzi wa udaktari na mwanafunzi wa uuguzi husoma mwili mmoja katika madarasa mawili, hufanya mitihani miwili, hula katika mabwalo mawili, na aghalabu hukutana kwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa, wakati ambapo kila mmoja amekwisha kufundishwa kumtazama mwenziwe kupitia dirishani. Moshi, katika viwanja vya hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981 kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, ambamo vijana wa nchi nyingi za Afrika wamekuja kusomea namna ya kumtengenezea mtu mguu baada ya kupoteza wake. Ujirani huo wa fundi na daktari ni neema ambayo nchi nyingi hazinayo. Fundi anayejua kuunda mguu wa mbao na plastiki ndiye pia anayejua uzito wa mtu hukanyaga wapi, na mahali pa kumsikiliza ni kabla ya msumeno.

Nimewasomea rafiki zangu wa idara ya afya maneno haya, nao wamenijibu kwa majibu ambayo mawili kati yake ni mepesi na la tatu ni zito. Wamesema mtaala umejaa. Nami nasema upungue mahali pengine. Wamesema mabingwa ni wachache, hususa wa mishipa ya damu, na mikoa mingi haina hata mmoja. Kweli, lakini hayo yanatia nguvu hoja yangu badala ya kuipunguza, kwa kuwa mahali pasipo na bingwa ndipo panapohitaji zaidi watu wachache waliopo wajue kazi za wenzao. Kuweka vidole viwili juu ya mguu na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo hakuhitaji umeme. Uzi wa nailoni unaosukuma kwa nguvu ya gramu 10, ambao hugusishwa unyayo huku mgonjwa amefumba macho aseme kama amesikia, bei yake haifiki ya nauli ya kumpeleka mgonjwa mkoani. Na kumvua mtu viatu ni bure.

Jibu la tatu ni la adabu. Wameniambia, kwa sauti ya chini kama watu wanaosema habari za nyumbani, kwamba muuguzi hamkosoi daktari, wala daktari mdogo hamkosoi bingwa, wala fundi hamkosoi yeyote. Jambo hili silidharau. Sisi ni watu wa heshima, na heshima imetufaa katika mengi. Lakini heshima ya kweli katika Pwani yetu haikuwa kunyamaza, ilikuwa kujua namna ya kusema. Mtoto hamwambii baba yake amekosea, humwuliza, "Baba, hivi ndivyo?" Na hiyo ni elimu inayofundishika. Wafundishwe wanafunzi hao pamoja namna muuguzi anavyoarifu habari mbaya asubuhi, na namna daktari anavyoipokea, na wote wawili watahiniwe kwa hilo kama wanavyotahiniwa kwa kufunga uzi. Tena liongezwe la maandishi: asikatwe mtu mguu juu ya kifundo kwa sahihi moja. Zitakiwe sahihi tatu, na mmoja wa watia sahihi awe yule aliyekuwa akikifunga kidonda.

Ili watu watie sahihi juu ya jambo moja yawapasa kwanza wawe na maneno mamoja. Mwaka 2014 chama cha wapasuaji wa mishipa ya damu cha Marekani kilitoa mizani ambayo kwayo kila mguu ulio hatarini hupimwa mambo matatu, yaani ukubwa wa jeraha, upungufu wa damu, na ukali wa uambukizo, na kila moja hupewa daraja kuanzia 0 mpaka 3. Uzuri wa mizani hiyo, kwa maoni yangu mimi nisiye tabibu, ni kwamba muuguzi wa zahanati ya mbali akipiga simu akasema "jeraha mbili, damu moja, uambukizo tatu," mpasuaji wa mjini hana namna ya kumwambia asubiri Alhamisi.

Nimeandika kana kwamba mambo yote yamo hospitalini, nami najua kwamba sivyo. Mwislamu mwenye kisukari, anapotawadha, huosha miguu yake hata mara tano kwa siku, na laiti imamu angelifundishwa pamoja na tabibu, angeliwakumbusha maamuma wake kwamba baada ya kuosha pana kukausha baina ya vidole, na katika kukausha pana kutazama. Na fundi viatu wa sokoni, je? Baada ya mjomba kupona nilimpeleka kwa mmoja wao, mzee wa makatambuga na gundi, ili amtengenezee kiatu cha mguu uliosalia. Kabla hajapima chochote, akakichukua kiatu cha kulia ambacho mjomba alikuwa amekivaa, akatia mkono wake wote ndani, akapapasa polepole kama anayetafuta samaki katika maji ya matope, kisha akatoa kidole na kutuonyesha alama nyekundu juu ya ncha yake. Ulikuwamo msumari. Ulikuwa umepenya soli kiasi cha upana wa ukucha, na mjomba alikuwa ameuvaa tangu asubuhi. Katika miezi yote ile ya hospitali hakuna mtu aliyetia mkono ndani ya kiatu chake.

Mguu huo wa kulia ungalipo. Hilo si dogo, kwani hesabu zilizokusanywa katika nchi nyingi huonyesha kwamba aliyepoteza mguu mmoja kwa kisukari yumo katika hatari kubwa ya kupoteza wa pili, na kwamba karibu nusu ya waliokatwa hufariki katika muda wa miaka mitano. Mjomba sasa anatumia cherehani ya mkono, na kofia zake zingali zikisifiwa. Kila usiku, baada ya isha, mkaza mjomba huuinua mguu wake juu ya mto, akawasha tochi ya simu, na kwa kioo kidogo cha kunyolea akautazama unyayo wote mpaka baina ya vidole, naye mzee huuliza, "Umeona nini?" na kwa muda mrefu jibu limekuwa ni kwamba hakuna.

Mwezi uliopita aliona lengelenge, kiasi cha punje ya mtama, ubavuni mwa kidole kidogo. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Akampakia mumewe katika bajaji mapema, akampeleka kliniki ile ile, na tabibu, kijana mpole mwenye heshima zake, akawaamkia kwa shikamoo, akasoma hesabu za damu, akazisifu. Mkaza mjomba akamwambia kuna lengelenge mguuni, na tayari alikuwa ameinama kumvua mzee kiatu. Kijana akamzuia kwa adabu.

"Mama," akamwambia, "vidonda ni Alhamisi."